Mwongozo wa Fundi Mvivu: Mafaili Yote Yafunguke, Sifa Zibaki Kwako

Una kompyuta mbili au tatu, printa, skana na mashine ya kulaminisha. Uko Base Camp pale kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, au umekodi chumba kidogo karibu na High Street, Mbarara. Watu wanakuita fundi. Jina hilo lilikuja kabla ya elimu yenyewe, na si kosa lako, ndivyo linavyowafikia wengi. Kazi yetu leo ni kulilinda kwa jasho dogo kabisa.

Jina la ufundi huanguka mahali pamoja. Mteja amesimama nyuma yako, umebonyeza faili mara mbili, na kompyuta inakuuliza ulifungue kwa programu gani. Umekwisha. Ukianza kubahatisha, mteja anakuona unabahatisha. Swali hilo maana yake ni kwamba daftari la aina za mafaili ndani ya kompyuta yako lina pengo. Pengo linazibwa mara moja, siku duka liko kimya, na mwaka mzima unakula matunda yake. Sogea karibu.

1. Usibonyeze, chungulia

Mama ameshuka kwenye boda kutoka Rubondo, flashi mkononi. "Papa fundi, nisaidie, hii fishie yangu inakatala kufunguka." Unatazama jina: DOC-20240311-WA0007, halafu nukta, halafu hakuna kitu. Lilipita WhatsApp, likapewa jina jipya na njiani likapoteza mkia, zile herufi za baada ya nukta.

Usikunje uso. Usiseme limeharibika, kwa sababu neno hilo ukishalitamka mteja hataki tena kulipa hata ukifaulu. Mwambie, "Karibu mama, keti kidogo." Kisha, kama kompyuta yako ni ya Linux, fungua dirisha la amri, andika neno file, acha nafasi, buruta faili lake uliweke hapo, bonyeza Enter. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akikutazama, dirisha jeusi lenye maandishi meupe linakujengea heshima ya mwezi mzima.

Jibu linakuja kwa mstari mmoja: ni PDF. Ongeza .pdf mwishoni mwa jina, fungua, printi. Amri hiyo ya file ilikuwa ndani ya Unix tangu 1973, na ile iliyomo kwenye kompyuta yako ilianzishwa na Ian Darwin katika miaka ya 1980, kwa hiyo unavuna jasho la watu wengine. Vuna bila haya.

Siri yake ni nyepesi. Aina nyingi za mafaili zina alama zake za mwanzo. PDF huanza na %PDF. Picha ya PNG ina baiti moja, kisha herufi PNG. JPEG huanza na baiti FF D8 FF. Programu za Windows huanza na MZ, herufi za Mark Zbikowski wa Microsoft. Na zip huanza na PK, za Phil Katz, aliyeutoa mtindo huo mwaka 1989. Kariri hizo tano. Ya PK ndiyo itakayokupa sifa nyingi kuliko zote, maana docx ni zip, xlsx ni zip, odt ni zip, hata apk ya simu ni zip. Ukimwona kijana amekata tamaa kwa sababu CV yake "imegeuka zip", badili mkia uwe .docx, mrudishie, na usimweleze mengi.

Mwaka 2018, wakimbizi walipohakikiwa upya Uganda nzima, kutaja jina hakukutosha: walichukuliwa alama za vidole na mboni za macho. Faili nalo lichukulie hivyo. Mkia ni jina linalojitajia, baiti za mwanzo ni vidole vyake.

2. Jua anayeamua, usigombane na asiyeamua

Wengi wanadhani programu ndiyo inayojua mafaili yake. Mwenye kuamua ni daftari. Kwenye Linux, iwe Ubuntu au Mint uliyopachika kwenye kompyuta ya mtumba, daftari hilo liko kwenye folda ya /usr/share/mime, na mpangilio wake unatoka kwenye mradi wa freedesktop.org, ili mazingira tofauti ya Linux yasome daftari moja badala ya kila moja kuandika lake. Majina ya aina yaliyomo, kama application/pdf au image/png, yanafuata mtindo wa MIME ambao Nathaniel Borenstein na Ned Freed waliuandikia barua pepe mwaka 1992, ili picha na sauti ziweze kusafiri pamoja na maandishi. Orodha rasmi ya majina hayo inatunzwa na IANA.

Kanuni ya daftari ni hii, na ukiijua umewapita mafundi wengi wa mtaani: kompyuta huuliza mkia kwanza. Mkia ukitoa jibu moja lisilo na utata, inatosha, haichunguzi zaidi. Mkia ukikosekana, au ukigongana na mwingine, ndipo inachungulia baiti za ndani. Kwa hiyo kwenye Linux faili lisilo na mkia kabisa mara nyingi linafunguka vizuri kuliko lenye mkia wa uongo. Picha ya PNG ambayo mtu ameipachika .pdf kwa mkono itapelekwa kwa kisomaji cha PDF, nacho kitaikataa. Ukikutana na faili la namna hiyo, ufute mkia wote uone kompyuta inasema nini. Ni sekunde tatu, na mbele ya mteja inaonekana kama uganga.

Na /usr/share/mime usiiguse kwa mkono. Si kwa sababu ni takatifu, bali kwa sababu masasisho yatakuja yafute kazi yako, na fundi mvivu hafanyi kazi mara mbili. Ya kwako yaandike kwenye folda yako mwenyewe, ~/.local/share/mime/packages. Kompyuta inasoma zote mbili, na ya kwako inapewa nafasi ya mbele.

3. Andika ukurasa wako mwenyewe

Hapa ndipo penye utamu, nami nitakaa kidogo.

Vijana wanaorekodi nyimbo wanapenda Audacity kwa sababu ni ya bure. Mwaka 2021 ilipofika toleo la 3, ilibadili namna ya kuhifadhi kazi: mradi mzima sasa ni faili moja lenye mkia .aup3. Tuseme una Linux ya zamani, na Audacity mpya umeipata kama AppImage, lile faili moja unaloliendesha bila kuliinstoli. Inafanya kazi vizuri. Ila kijana akikuletea wimbo wake kwenye flashi ukabonyeza .aup3, kompyuta inakukodolea macho. AppImage haikuandika chochote kwenye daftari, na daftari la zamani halijawahi kuusikia mkia huo. Ukichungulia ndani utaona maneno "SQLite format 3", kwa kuwa mradi wa Audacity siku hizi ni hifadhidata ya SQLite. Kompyuta inaweza hata kutaka kuufungua kwa programu ya hifadhidata, na kijana akaona jedwali la namba mahali pa wimbo wake.

Fanya hivi. Fungua kihariri cha maandishi, andika faili dogo la XML lenye mambo matatu tu: jina la aina (application/x-audacity-project+sqlite3), mkia wake (*.aup3), na mstari unaosema aina hii ni mtoto wa application/vnd.sqlite3. Lihifadhi kwenye ile folda ya packages kwa jina kama nakivale-audacity.xml. Hilo la mtoto na mzazi usilipuuze: programu inayofahamu SQLite bado itaruhusiwa kulifungua faili, ila ya kwanza kuitwa itakuwa Audacity.

Kisha andika amri moja: update-mime-database ~/.local/share/mime. Amri hii ndiyo inayokusanya kurasa zote za XML na kuziandika upya kwenye faili la mime.cache, ambalo kompyuta inalisoma haraka. Mafundi wengi huandika XML safi kabisa, wakasahau amri hii, wakakesha wakitafuta kosa lisilokuwepo. Wewe usikeshe.

Imebaki nusu ya pili. Daftari sasa linajua aina, lakini halijui nani wa kumwita. Andika faili la .desktop kwenye ~/.local/share/applications, weka njia ya AppImage kwenye mstari wa Exec na %f mwishoni, na kwenye mstari wa MimeType uandike ile aina. Endesha update-desktop-database kwenye folda hiyo. Maliza kwa xdg-mime default, ukitaja faili lako la .desktop na jina la aina. Bonyeza wimbo mara mbili. Ukifunguka, mwite kijana abonyeze mwenyewe. Furaha ya kubonyeza ni yake, na jina la aliyewezesha jambo hilo litafika studio nyingine zote kabla ya jioni.

4. Filamu na televisheni ya jirani

Maktaba za filamu zina foleni kuliko zahanati, na wateja wengi wanataka zilizotafsiriwa na VJ Jingo au wenzake. Mtu anabeba flashi nyumbani, anaichomeka kwenye televisheni, televisheni inasema haitambui faili. Anarudi amenuna.

Njia ya mkato anayoijua kila mtu ni kubadili mkia kutoka .mkv kuwa .mp4. Iache. MKV na MP4 ni makasha, na kilichomo ndani ya kasha ndicho kinachochezwa. Televisheni nyingi za bei nafuu haziwezi kusoma H.265, mtindo wa kubana video uliotoka mwaka 2013, na mkia hauwezi kuzifundisha.

Njia ya mkato iliyo bora ni hii. Tazama kilichomo ndani kwa amri ya ffprobe. Ukikuta H.264, mtindo uliotangulia, na tatizo ni kasha peke yake, andika ffmpeg -i filamu.mkv -c copy filamu.mp4. Hapo video haibanwi upya, inahamishwa tu kasha, na filamu nzima inaweza kumalizika kabla chai haijapoa. Ukikuta H.265, itabidi kubana upya, na kwenye kompyuta ya zamani kazi hiyo ni ya saa nyingi na inakula umeme wa sola wote. Hapo taja bei ya usiku kucha, au mpe nakala nyingine ya filamu hiyohiyo. Kwa kazi fupi, mwambie mteja apite sokoni kwanza. Mtu aliyerudi na mboga zake hana haraka, nawe umepata nafasi ya kuijaribu filamu mwanzo, katikati na mwisho.

5. Windows inaficha, wewe fichua

Kwenye Windows daftari liko ndani ya rejista, kwenye tawi la HKEY_CLASSES_ROOT. Hakuna haja ya kuingia huko. Yako mambo mawili tu ya kufanya, na la kwanza lifanye leo: fungua mipangilio ya folda uondoe alama kwenye kipengele cha kuficha mikia ya majina. Tangu Windows 95 imekuwa kawaida kuificha, na wahalifu wameishukuru kwa hilo. Mwezi Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilizunguka dunia kikiwa kimevaa jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwenye kompyuta zilizoficha mkia, watu waliona TXT peke yake, wakafungua barua ya mapenzi. Flashi zinazopita mikononi mwako zina ndugu wa kirusi kile: folda yenye jina "Picha" ambayo kumbe ni .exe au njia ya mkato ya .lnk. Kompyuta yako ya Linux iwe ya kwanza kupokea flashi za wateja. Huko .exe haina pa kukimbilia, nawe unaiona uchi.

La pili ni la wavivu wa kweli. Tangu Windows 8, chaguo la mtumiaji la programu ya kila aina limepigwa muhuri, kwa hiyo ujanja wa zamani wa kunakili kipande cha rejista kutoka kompyuta moja hadi nyingine haufanyi kazi. Badala yake, panga akaunti moja vizuri, kila aina na programu yake, kisha kwenye dirisha la amri la msimamizi uandike Dism /Online /Export-DefaultAppAssociations:C:\chaguo.xml. Faili hilo lipeleke kwenye kompyuta nyingine, uliingize kwa amri pacha yake yenye neno Import. Kila akaunti mpya ya mteja utakayoifungua itazaliwa inajua PDF iende wapi na MP4 iende wapi. Akaunti za zamani hazibadiliki. Usipigane nazo, zifute.

6. Pale ambapo uvivu unaumiza mtu

Sikiliza hapa kwa makini, ndugu yangu. Hili si la sifa.

Daftari la aina halitumiki kwenye kubonyeza peke yake. Mtu anapopakia faili kwenye fomu ya mtandaoni, kivinjari hutaja aina yake, na mara nyingi jibu kinalipata kwenye daftari hilohilo la kompyuta yako. Mkia ukikosekana au daftari likiwa na pengo, kivinjari kinaweza kusema application/octet-stream, maana yake "baiti tu, sijui ni nini", na fomu inayotaka PDF inalikataa. Kuna mfano unaojulikana sana: kwenye Windows yenye Excel, faili la kawaida la CSV hutajwa kuwa application/vnd.ms-excel, na tovuti iliyosubiri text/csv hulitema. Mteja anaona maandishi mekundu. Anadhani vyeti vyake vina kasoro. Anaondoka.

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya waliokimbia Rwanda, na leo kuna Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine wengi wanaotuma maisha yao kupitia mashine zenu: barua za kazi, maombi ya shule, maombi ya ufadhili kama ule wa DAFI ambao tangu 1992 umewasomesha wakimbizi vyuo vikuu. Mtu akiikosa siku ya mwisho kwa sababu ya mstari uliokosekana kwenye kompyuta yako, hatajua kuwa ni kompyuta yako. Wewe utajua. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, andika xdg-mime query filetype na jina la faili. Jibu likiwa application/pdf, na jina lina mkia .pdf, tuma. Likiwa jingine, rekebisha kwanza, hata kama foleni imefika mlangoni.

Picha nazo ziangalie. Ndugu aliyepelekwa Marekani au Australia anatuma picha kutoka iPhone, na tangu mwaka 2017 simu hizo huhifadhi picha kwa mtindo wa HEIC. Kompyuta nyingi za zamani haziijui, na fomu nyingi zinataka JPEG. Kwenye Ubuntu instoli kifurushi cha libheif-examples, kisha heif-convert itageuza picha kwa mstari mmoja. Na umwambie mteja amwombe ndugu yake abadili mipangilio ya kamera achague umbizo linalokubalika kwingi, ili mwezi ujao asikurudie na kilio kilekile. Utapoteza ada ndogo. Ataleta watu wengine watano.

7. Folda moja ya majaribio

Tengeneza folda uiite majaribio. Weka ndani faili moja la kila aina inayopita dukani: PDF, docx, xlsx, odt, JPEG, PNG, HEIC, MP4, MKV, sauti ya WhatsApp yenye mkia .opus, aup3, zip, CSV, na moja lisilo na mkia kabisa. Usiweke faili la mteja yeyote, tumia ya kwako.

Kila baada ya sasisho, na kila unapoongeza programu mpya, fungua folda hiyo ubonyeze yote moja baada ya jingine kabla wateja hawajaingia. Programu mpya zina tamaa: kicheza video kipya kitajitwalia hata picha zako, na kivinjari kitazichukua PDF zote. Faili likienda pasipotakiwa, fungua ~/.config/mimeapps.list. Ni faili fupi la maandishi, lina kichwa cha Default Applications, na chini yake kila aina iko mstari wake na programu yake. Sahihisha mstari mmoja, hifadhi, bonyeza tena.

Kisha nakili faili hilo pamoja na XML zako na .desktop zako kwenye flashi unayoiweka mbali na wateja. Siku diski itakapokufa, utainstoli mfumo upya, utarudisha vitu hivyo mahali pake, utaendesha zile amri mbili za update, na folda ya majaribio itakuambia ndani ya dakika tano kama duka liko tayari kufunguliwa.